Chupa Uliyonitunzia

Mama Shiro,

Ungekuwa hai ungenikatiza kabla sijafika mstari wa tatu. Ungeniuliza, "Dama, hayo ni ya kweli ama unapamba?" Leo sipambi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni hapa kwangu Kings Heath, Birmingham, ni Jumamosi alasiri, chai imepoa, na Mutiso wangu yuko sebuleni anasoma gazeti lile lile tangu asubuhi. Hatuongei sana tangu juzi. Kwa nini, nitakueleza.

Ni miezi saba tangu tukusindikize uwanja wa ndege ukiwa kwenye sanduku, wewe uliyekuwa tayari kugombana na mtu yeyote upate kiti cha dirishani. Nyumba yako ya Sparkbrook imeingia familia ya Kisomali iliyokulia Eastleigh. Wamebadilisha mapazia, wametoa lile kapeti la kijani ulilolichukia, na mama wa nyumba hunisalimu kwa Kiswahili cha Nairobi nikipita kwenda Ladypool Road kununua dhania. Shiro sasa anaishi Coventry kwa mjomba wake. Amerefuka. Ile saa yako ya kazini ya kubandika kifuani, ameibandika kwenye begi la shule.

Hizo ni habari za juu juu, nami nimezitanguliza kwa sababu naogopa zinazofuata. Habari yenyewe ni kwamba nimekuchafulia jina, Tabitha. Watu wa kanisa letu wanaamini ulikuwa mlevi. Wanaamini ini lako liliharibika kwa pombe uliyokuwa ukinywa kwa siri, na wanalisema hilo kwa sauti ya huruma, ambayo ni mbaya kuliko ya dharau. Mimi niliyejua kwamba hata tone moja halikuwahi kupita kooni mwako, niliwaacha waamini. Hapana, nimeanza kupamba. Sikuwaacha tu, niliwasaidia.

Acha nianze pale tulipoanzia, nisije nikajificha nyuma ya machozi.

Ilianza na Bwana Renzo, pale kwenye nyumba ya wazee tulikofanya kazi mimi na wewe. Unamkumbuka alivyokuwa akikaa mezani na kile kitambaa cheupe alichokichomeka shingoni mwenyewe. Alikuwa weita maisha yake yote, kwanza kwao Italia, halafu katika hoteli za mjini hapa, na kila jioni ukimpelekea samaki na viazi aliuliza leo tunakunywa nini, na kila jioni ulimjibu kwamba ni juisi ya tufaha. Wengine walimcheka. Wewe ulivuta kiti ukamwuliza: kama si juisi, kingefaa nini na samaki huyu? Mzee akawa kama mtu aliyerudishiwa kazi yake.

Hapo ndipo ulipotoa daftari. Lile jembamba la jalada la bluu, ulilokuwa ukiandikia joto la wagonjwa kabla hujalipandisha cheo. Alikufundisha kwamba mtu akiwa safarini asiulize divai gani ni bora, aulize divai gani ni ya hapa. Kwamba asiidharau ile ya kwenye jagi, kwa sababu ndiyo mwenye hoteli anayokunywa mwenyewe. Kwamba kabla ya chakula unywe kitu chenye mapovu au kitu kichungu kidogo cha kufungua tumbo, nyekundu nyepesi itangulie nyekundu nzito, na tamu ingoje keki. Na kwamba ukiagiza kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana, weita atakuletea, lakini atakusema huko jikoni.

Nilikuuliza mtu asiyekunywa anatafuta nini kwenye habari za divai. Nilijua kiapo chako. Baba yako alilala kwenye mtaro akitoka kunywa na hakuamka, na wewe ukiwa na miaka kumi na mmoja ulimwahidi mama yako kwamba kinywa chako hakitaguswa na pombe. Hukuhitaji kanisa likukataze. Uliniambia kwenu Murang'a kahawa ya shamba la juu na kahawa ya shamba la chini haziko sawa, na mama yako angeweza kuzitofautisha akiwa amefumba macho, kwa kunusa tu. "Na mama hanywi kahawa," ukasema. "Mama ni wa chai." Basi nikaelewa. Ulitaka kujua mti ulikaa wapi, jua liliupigaje, nani aliuchuma. Kunywa kulikuwa kazi ya mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine nilikuwa mimi. Na sikusukumwa, Tabitha. Mwenyekiti wa kina mama, mke wa mzee wa kanisa, mtu anayefundisha somo la kiasi mbele ya watu, nilikuwa nina hamu. Nilipokuwa msichana Machakos niliwahi kuonja divai kwenye harusi nikaipenda, na kwa miaka ishirini nilijifanya nimesahau. Wewe ulijua. Hukuniuliza kitu. Tulipopata zile pasipoti nyekundu za Uingereza, mara tu tulipozipata, ulikuja kwangu na daftari ukaniambia, "Mimi nitachagua, wewe utaonja. Kila mtu na kipawa chake."

Mutiso nilimwambia tunaenda Italia kuona makanisa ya kale. Na tuliyaona, mawili.

Siku nne. Siku nne tu, lakini mpaka leo nikifunga macho nauona ule mji mdogo karibu na Torino, vilima vimepandwa mizabibu kwa mistari kama nywele zilizosukwa, na wewe umesimama kando ya barabara unauliza mvua hunyesha upande gani. Pale hotelini ulipitisha kidole kwenye orodha taratibu, ukamwuliza weita kwa Kiingereza na kwa mikono, ukachagua. Akaleta chupa akakumiminia wewe kidogo uionje, kwa kuwa wewe ndiye uliyechagua. Ukanisukumia glasi. Akakumiminia tena. Ukanisukumia tena. Yule kijana alitutazama akaamua kwamba mimi ni bosi wako.

"Inafanana na nini?" uliniuliza, kalamu mkononi.

Nikasema ni nzuri.

"Nzuri si ladha, Dama. Inafanana na nini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Nyumbani huulizwa kama chumvi imetosha. Nikanywa tena nikafikiri, nikakwambia divai ile, Barbera, inachachua ulimi kama ukwaju. Dolcetto, ambayo jina lake linadanganya kwa sababu haina utamu wowote, nikasema ni zambarau zile za kutia meno rangi. Kile kinywaji chao cheusi cha baada ya chakula, amaro, nikasema hiki nakijua, hiki ni mwarobaini uliotiwa sukari, bibi yangu alinishika pua akaninywesha. Ulicheka mpaka ukaangusha kalamu. Ukaandika yote. Juu jina la kinywaji na mahali, chini yake "Dama anasema" na maneno yangu, na mwisho wa kila ukurasa ukaandika ulichokunywa wewe: "Mimi: maji." Mara moja moja: "Mimi: chinotto," ile soda yao nyeusi chungu uliyoipenda. Na Torino, ulipoletewa kahawa na chokoleti na krimu katika glasi moja, kila kitu kimekaa juu ya kingine bila kuchanganyika, uliandika: "Mimi: bicerin. Mungu ni mwema." Ukamwuliza mwenye duka kahawa yake imetoka nchi gani. Hakujua, ukamhurumia.

Na Moscato. Ile siku ya Moscato ningeomba ifutwe mbinguni. Tamu, ya baridi, ina mapovu, nikajiambia hii ni soda, na soda hainywewi moja. Kwanza niliiombea, kwa sauti, kama tunavyoombea chakula. Kwenye glasi ya tatu nikaanzisha pambio. Wazee wa meza ya jirani wakapiga makofi kwa mdundo wao, nami nikasimama. Ulinivuta sketi nikae, unalia kwa kicheko, ukaandika: "Dama anasema ni soda. Dama anakosea." Tuliporudi hotelini ulinivua viatu. Hukuwahi kunitania kwa hilo mbele ya mtu, hata Shiro.

Siku ya mwisho tukaingia lile duka la yule mama mwenye miwani ya kamba. Ulikuwa umeniandalia divai yao ya Barolo tangu Birmingham, kwa sababu Bwana Renzo alisema ukiwa kule usipoionja umeenda kutembeza miguu. Nilipewa kidogo. Ilinikausha mdomo mzima kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika, kisha nilipokuwa karibu kuirudisha, likaja jambo lingine, waridi, na harufu ya lami mpya barabara inapotengenezwa. Ulinitazama usoni ukaandika kabla sijasema neno. Tulinunua chupa moja. Yule mama akasema tusiifungue upesi, tuiache miaka kumi.

Kwangu haikuweza kukaa. Mutiso hupokea wachungaji kila wiki. Nilianza kuitafutia maneno na wewe ukanimalizia. "Leta," ukasema. Uliivingirisha kwenye leso ukaiweka kwenye begi lako, na ilipofika Sparkbrook ukailaza kwenye kabati la chini ya ngazi pamoja na daftari, ndani ya mfuko mmoja. Ukapanga na siku yake kabisa. Shiro akimaliza chuo, wewe utapika, mimi nitakunywa, halafu utaandika.

Chupa ilikuwa yangu. Nataka niandike hivyo mahali fulani kwa mkono wangu. Chupa ilikuwa yangu.

Ugonjwa ulikuchukua haraka. Nilikuwa nimekaa kando yako daktari alipoeleza: virusi, vimekaa kwenye ini kimya kimya, pengine tangu ulipokuwa mtoto mchanga. Mimi ni nesi. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Wiki kumi na moja baadaye tulikuwa nyumbani kwako tunapanga viti.

Unajua tunavyofanya mtu wetu akifa. Kila siku maombi nyumbani kwake mpaka mwili usafirishwe, na kina mama hutangulia kufagia, kupika, kutafuta vikombe. Jumamosi ile mchana, wageni hawajafika, nilikuwa jikoni kwako nafunika chapati. Mama Dorika, ndugu yetu wa Kongo, unajua ana moyo mzuri, sikumlaumu hata siku moja, alifungua kabati la chini ya ngazi akitafuta viti vya kukunja. Akatoka na mfuko.

"Eh, Mungu yangu. Dada Damaris, angalia. Hii si vin rouge?" Akaiweka ile chupa ya divai nyekundu mezani. Kina mama wakasogea, walikuwa sita au saba. Akatoa na daftari, likafunguka lenyewe, akaanza kusoma polepole vichwa vya kurasa, "Barolo. Barbera. Dolcetto." Kisha akafunika mdomo. "Kumbe maman alikuwa anakunywaka."

Hakuna aliyesema neno ini. Haikuwa lazima. Nililiona likipita machoni mwao, mmoja baada ya mwingine, na likaeleweka.

Nilikuwa na nafasi, Tabitha. Ilikuwa kubwa na ilikaa wazi muda mrefu. Ningesema, "Hiyo ni yangu," maneno matatu. Badala yake nilifikiria kitu kimoja: kwamba Mama Dorika akishuka mstari mmoja tu atakuta "Dama anasema." Jina langu lilikuwa kwenye kila ukurasa. Nikalinyakua daftari. Nikasema, "Wapendwa, tusiyachimbe ya marehemu. Nitalichoma hili mwenyewe." Wakanishukuru. Mmoja akanishika mkono akaniambia mimi ni rafiki wa kweli, namfunika mwenzangu.

Kisha wakasema ile chupa isikae nyumba ya maombi. Ikabidi imwagwe, na ikabidi nimwage mimi, kwa kuwa ndimi kiongozi. Tulitafuta kifungua chupa kwenye droo zote. Hakikuwepo. Tabitha, nyumba gani ya mlevi haina kifungua chupa? Hakuna aliyejiuliza, na mimi niliyekuwa na jibu niliendelea kupekua droo na wenzangu. Mwisho tulisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko wako wa ugali. Divai ikaruka ikanilowesha blauzi, na nilipoinamisha chupa kwenye sinki ile harufu ikaja yote, waridi na lami. Nikavuta pumzi ndani. Hata katika saa ile niliinusa.

Nilipogeuka, Shiro alikuwa mlangoni. Sijui alisimama tangu lini. Akasema, "But Mum doesn't drink." Alisema kwa upole, kama mtu anayewasahihisha wageni waliokosea nyumba. Miaka kumi na minne, mama yake hata hajazikwa, ndiye pekee aliyekutetea katika chumba kile. Nami nikamwambia, "Shiro, nenda ukaandae vikombe."

Akaenda.

Wageni walipofika nilipewa maombi ya kufungua. Nilimwomba Mungu akusamehe. Nilitaja "udhaifu wa siri." Watu waliitikia amina kwa nguvu kuliko kawaida, na blauzi yangu ilikuwa bado ina unyevu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuheshimiwa zaidi. Hilo ndilo linalonichoma. Natolewa mfano. Kina mama wachanga wanaambiwa wapate rafiki kama Dada Damaris. Nimefundisha somo la kiasi mara mbili tena, na mara ya pili Mama Dorika alilia akikutaja. Bwana Renzo ndiye aliyenitoa jasho. Nilipomwambia umefariki aliuliza, "Yule asiyekunywa? Yule anayejua?" Alisema kwa sauti, na msichana mmoja wa kanisani kwetu alikuwa akipanguza meza ya pili. Unajua nilifanya nini? Niligeuka kwanza kuona kama amesikia. Hukunifia wewe siku ile, ulikuwa umeshakufa, lakini nadhani mimi ndipo nilipokufa kidogo.

Nilikuwa nikijiambia kwamba marehemu haumii. Kwamba uko mahali ambapo chupa moja haihesabiki. Ningeendelea hivyo mpaka uzee wangu kama si Shiro.

Shule zimefunga wiki hii, mjomba wake akamleta kwangu Jumatano. Juzi, Alhamisi, tulikuwa tunamenya viazi hapa mezani. Akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba Shosho yake, yaani mama yako, alimpigia simu kutoka Murang'a. Mtu fulani aliwafikishia maneno kule. Shosho alimwuliza swali moja: ni kweli mama yako alivunja ahadi yake kwangu?

"And what did you say?" nikamwuliza. Naye, unajua, anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza siku zote.

"I said I don't know." Akamenya kidogo. "You'd know, Auntie. You're the one who went with her."

Yule mtoto alijua, Tabitha. Kwenye mlango wa jikoni kwako alijua bila shaka yoyote. Katika miezi saba tulimfundisha kutojua. Nimefanya kazi na wagonjwa miaka mingi, nimeona vidonda, sijaona kidonda nilichokifanya kwa mkono wangu namna ile.

Nikaweka kisu chini. Nikapanda juu, nikatoa sanduku langu la nguo za baridi, nikachukua daftari. Sikulichoma. Mara tatu nilikuwa na kiberiti na sikuweza, na usifikiri ilikuwa ni wema. Nililipenda tu, ni mahali pekee ambapo mtu aliwahi kuandika ninavyoonja. Nikashuka nikalifungua mbele yake. Kusoma mwandiko wako kwa Kiswahili hawezi vizuri, kwa hiyo ilibidi nisome kwa sauti. Mutiso alikuwa sebuleni na mlango haukufungwa. Nilijua haukufungwa.

Nikasoma. "Barbera, mji wa Alba. Dama anasema inachachua ulimi kama ukwaju. Mimi: maji." Nikafungua ukurasa. "Dolcetto. Dama anasema ni zambarau za kutia meno rangi. Mimi: chinotto." Sebuleni gazeti liliacha kufanya kelele. Nikafika Moscato, nikasoma na ile ya pambio, yote, na Shiro akacheka kidogo akajizuia kwa mkono. "Dama anasema ni soda. Dama anakosea." Nilishindwa kuendelea. Nikawa natazama tu herufi.

Naye akainama juu ya mkono wangu, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, akasoma mwenyewe, polepole, kwa lafudhi yake ya hapa: "Mimi: maji."

Basi tukaendelea hivyo. Mimi nasoma ya Dama, yeye anasoma ya mama yake. Kurasa ishirini na tatu. Kufikia bicerin alikuwa hasomi tena, alikuwa anasema. "Mungu ni mwema," akasema, kwa sauti yako kabisa, na viazi vikabaki majini mpaka vikabadilika rangi.

Mutiso alisimama mlangoni tulipomaliza. Nilingoja aulize juu ya divai. Hakuuliza juu ya divai. Aliuliza jambo moja tu. "Na ulimwombea msamaha, ukijua?" Nikasema ndiyo. Akarudi kukaa.

Jana nilimpigia mama yako. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia nikayaacha, nikamweleza tu kama nilivyokueleza wewe, kuanzia chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Damaris, mimi nilikataa kuamini. Lakini kanisani niliacha kulitaja jina lake." Nikasema, Mama, nisamehe. Akasema, "Nimekusikia." Akaniomba nimpe Shiro. Hilo ndilo nililolipata, nami nimelipokea, maana sikustahili zaidi. Waliongea dakika nyingi. Shiro alikuwa anamjibu kwa Kiswahili, kibovu, lakini Kiswahili.

Kunywa kwenyewe sikuonei aibu sana, nikikwambia kweli. Nilionja vitu vizuri mezani na rafiki yangu aliyenichagulia, na zile siku nne sizitoi kwa mtu. Ninachoonea aibu ni kwamba ulinitunzia chupa yangu nyumbani kwako, ukiwa umekatazwa na kiapo kuigusa, ili mimi nisiaibike. Na ilipoonekana, nilikuachia na aibu pia uitunze.

Asubuhi ya leo Mutiso alikuwa akiandika ratiba ya ibada ya kesho. Akaweka karatasi karibu na kikombe changu, bila kunitazama. Kwenye sehemu ya ushuhuda ameandika jina langu. Sikumwomba. Sijui kama ni msamaha au ni hukumu, na sitamwuliza.

Kwa hiyo kesho, pale kwenye ukumbi wa shule tunaokodi, mahali pale pale nilipofundishia kiasi, nitasimama na daftari la bluu. Huenda kesho kutwa sitakuwa mwenyekiti wa chochote. Niko tayari, au niseme, sijawa tayari na nitasimama hivyo hivyo. Na nakuahidi jambo la pili. Nitanunua Barolo nyingine, nitaichagua kwa kufuata maandishi yako, na itakaa hapa kwangu, kwenye kabati la vioo sebuleni, ambapo mchungaji akija ataiona na akiuliza ni ya nani nitamjibu. Shiro akimaliza chuo nitaifungua. Kifungua chupa kitakuwepo.

Lala, Mama Shiro. Lala huko shamba la juu ulikozikwa, kwenye kahawa ya mama yako. Sikuombi unisamehe leo, niombe nini kabla sijakulipia jina lako mbele ya watu wale wale?

Nilimwuliza Shiro kama angependa abaki nyumbani kesho, asije kusikia. Akakataa. Amesema tutasoma kama juzi. Mimi nitasoma yangu, kila ukurasa, mpaka na ile ya soda. Na kila nikifika mstari wa mwisho nitanyamaza, yeye atasimama mbele ya watu wote aseme ulichokunywa.

Wako,
Dama